Maswali ya usaili wa mhudumu wa afya: kakeshe wodini kwanza ndo uje uyaandike

Kuna karatasi moja ya maswali ya usaili wa wahudumu wa afya inayozunguka, fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zimefifia, na ukiwa umeshakaa kwenye paneli hata mara moja utakuwa umeiona. Swali la kwanza jitambulishe. La pili nini maana ya afya. La tatu taja sifa tano za mhudumu bora. La nne kwa nini unataka kufanya kazi na sisi. Basi, imeisha hiyo. Mtu anaingia na shati limepigwa pasi, anakaa kwenye ncha ya kiti, anatiririka "afya ni hali ya mtu kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii na sio tu kutokuwa na maradhi", yale maneno ya WHO ya tangu 1948, paneli inatikisa vichwa, maksi zote. Jumatatu anaripoti wodini anakuta bibi kajikojolea kitandani, anaziba pua anatoka nje kwenda kumtafuta mwenzie.

Afu tunasema vijana wa siku hizi hawana wito. Wito gani, sisi wenyewe tulimuuliza maana ya afya akatuambia, na kwa kweli alijibu vizuri.

Mimi ni nesi, nipo hapa Tabora mjini, hospitali naomba nisiitaje maana nataka kuandika kwa uhuru. Nilipewa kazi ya kuandaa maswali kwa ajili ya wahudumu wapya, na nilivyoambiwa ni chukua yale ya kipindi kile ubadilishe tarehe. Nikakaa nayo mezani nikayasoma, nikaona hapana, hamna hata swali moja humu linalogusa kazi yenyewe. Ukimpa haya maswali mwalimu wa shule ya msingi anapata mia, ukimpa yule mama wa wodi ya wanawake ambaye sisi wote akikosa siku moja tunachanganyikiwa, anapata arobaini, kwa sababu yeye sifa tano hazijui kwa kuzihesabu.

Kwa wasiojua, mhudumu wa afya ndo yule watu wanamwita atendanti. Kwenye matangazo ya serikali sifa yake ni kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja ya fani ya afya kwenye chuo kinachotambulika, na ukisoma majukumu yake unaona ni kufanya usafi wa vyombo na mazingira, kuwasaidia wasiojiweza kula na kuoga, kupeleka sampuli maabara na kufuatilia majibu, kuandaa vifaa, kupeleka nguo chafu na kuleta safi. Yameandikwa mistari michache tu hivi, lakini kila mstari una usiku wake. Huo wa kuoga mtu aliyeusoma tu anaona kitu cha dakika mbili. Nenda kamwogeshe mzee wa miaka themanini aliyepooza upande mmoja, mwanaume mwenye heshima zake ambaye hajawahi kuvuliwa nguo na mtoto wa kike wa umri wa mjukuu wake, maji yasiwe ya moto yasiwe baridi, ufunike huku ukiosha kule, umgeuze bila kumvuta mkono ulio dhaifu, uangalie makalio na visigino kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, na muda wote huo unampigisha stori za mvua na mahindi ili asijione ni mzigo. Hiyo ndo kazi. Sasa wewe unamuuliza maana ya afya.

Kwa hiyo nilichofanya, badala ya kuandika maswali nikaenda kuyaokota. Nilimfuata yule mama ninayemsema, shifti ya usiku, saa ambayo wodi imetulia kidogo. Nikamwambia shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, mbona saa hizi na hauko zamu? Nikamweleza. Akacheka sana. Akaniambia, "We waulize tu kikombe cha uji kinakaa wapi."

Sikumwelewa. Akanionyesha. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni kulikuwa na mama mmoja amevunjika mkono wa kulia, na kabati lake la pembeni liko kulia, na kikombe cha uji wa jioni kipo juu ya hilo kabati, kimejaa, kimeganda utando juu. Aliyegawa uji aligawa kweli, hakuna mgonjwa aliyerukwa, na kwenye ripoti ingeandikwa wagonjwa wote wamepata uji. Lakini huyu hakunywa, na hakusema, kwa sababu katokea kijijini huko Uyui na Kiswahili chake cha kuombea maji, na ndugu yake alikuwa ameenda kulala kwa shemeji yao Isevya. Yule mama akautoa uji ule, akapasha mwingine, akasogeza kiti upande wa kushoto, akamsalimia kwa Kinyamwezi akamwita mayo, yaani mama, uso wa mgonjwa ukabadilika palepale.

Swali langu la kwanza likapatikana hapo. Niliandika hivi: umegawa uji wodi nzima, unarudi kukusanya vikombe, unakuta kimoja kimejaa. Utafanya nini?

Usicheke, ni swali gumu hilo. Wengi wanajibu "nitamuuliza kwa nini hajanywa". Sawa, ni mwanzo. Wengine "nitamwambia anywe kwa sababu uji ni muhimu kwa afya", huyo tayari ameshaanza kumhubiria. Mmoja mmoja anakwambia ntaangalia kama anakifikia, kama anaweza kukaa, kama meno anayo, kama kinywa kina vidonda, kama ni mtu wa kulishwa, ntamkalisha wima kwanza maana mtu aliyelala chali ukimpa uji unaweza kumpalia, na nikiona hawezi kabisa ntamwambia sista aandike. Huyo usimuulize sifa tano, zote ameshazitaja.

Na liko pacha wa swali hilo ambalo ni mtego. Mgonjwa anatakiwa kuingia tiyeta, chumba cha upasuaji, asubuhi, kaambiwa asile chochote, ndugu yake kaja na hotpoti lina michembe na karanga, kapika kwa mapenzi yote, anakwambia mwanangu nisaidie kumlisha mimi nawahi gari. Hapa yule mwenye huruma nyingi bila kuuliza anaanguka. Anayefaa atamuuliza sista kwanza, na afu, hili napenda sana kulisikia, atarudi kwa yule ndugu kumweleza kwa upole kwa nini chakula kinasubiri, asimwache amesimama na hotpoti lake kama kafukuzwa.

Sasa nije kwenye jiki, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, maana hapa nina maneno mengi.

Kila mhudumu aliyepita chuo anajua moja kwa sita. Sehemu moja ya jiki, sehemu sita za maji, unapata klorini ya asilimia 0.5 ya kutakasia vifaa na kufutia sehemu zenye damu, dakika kumi. Wanaimba kama wimbo wa taifa. Nikawaza, wanaelewa au wanaimba? Nikaandika swali: stoo imeishiwa, wameleta chupa za kampuni nyingine, imeandikwa asilimia 5 badala ya 3.5, changanya.

Aisee. Chumba kinapoa. Wengi wanarudi kwenye moja kwa sita maana ndo walichofundishwa, na kwa kweli hiyo chupa haijali ulifundishwa nini. Hesabu ni ndogo tu, unachukua asilimia ya kwenye chupa unagawanya kwa asilimia unayotaka, unatoa moja. Ya kawaida 3.5 gawanya kwa 0.5 ni saba, toa moja, sita. Hii ya 5 gawanya kwa 0.5 ni kumi, toa moja, tisa. Kwa hiyo moja kwa tisa. Ukiweka sita dawa inakuwa kali kuliko inavyotakiwa, inakula vyuma na mikono yako na kuwasha macho, na ikiwa chupa ni dhaifu ukang'ang'ania sita ndo mbaya zaidi, unafuta damu na maji yenye harufu tu huku unajiona umetakasa.

Lakini ngoja niseme ukweli, asiyejua hiyo hesabu simnyimi kazi. Hesabu nitamfundisha kabla ya chai. Ninachokitafuta ni kama atasoma lebo. Nampa chupa mkononi, chupa kweli sio ya kuwaza, na naangalia macho yake yanaenda wapi. Kuna mtu anaipokea chupa anaiweka mezani bila kuitazama na kuanza kunijibu. Kuna mtu anaigeuza, anasoma, anauliza "hii imeisha muda lini?" Wa pili huyo hata kama hesabu imemshinda ntamtetea mbele ya paneli. Na ukitaka kumpima zaidi muulize kama anaweza kuchanganya jiki na ile dawa ya kusafishia choo ili choo king'ae haraka. Akisema ndio, shughuli ipo, maana jiki na asidi vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu dirisha lake mara nyingi ni tundu tu.

Taka sitaki kukaa sana. Sefti boksi, lile la kutupia sindano, inafungwa ikifika robo tatu, hailazimishwi, sindano haifunikwi tena kwa kifuniko chake, ndoo ya njano taka zinazoambukiza, nyekundu zile zinazoambukiza sana, nyeusi au bluu za kawaida. Haya anayesoma atayajua. Ila usimuulize rangi, mwekee vitu mezani, glavu yenye damu, ganda la ndizi, pamba, boksi la dawa, mwambie weka kila kitu panapostahili. Mtu anayejua kwa mkono hatumii hata nusu dakika.

Kuchomwa na sindano nalo liulizwe, tena liulizwe vizuri, kwa sababu mhudumu ndo anayeokota shuka ambalo daktari kasahau sindano ndani. Jibu la kitabuni ni osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa haraka, dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo na isipite saa 72, zinamezwa siku 28. Lakini mimi naliuliza tofauti: umechomwa saa tisa usiku, sista wa zamu ni mkali, unaogopa atakwambia ni uzembe. Utamwambia saa ngapi? Ukimya unaofuata hapo unakuambia mengi. Mtu akisema "asubuhi akishatoka nitamwambia wa mchana", huyo sio mjinga, huyo ameshafanya kazi mahali ambapo watu wanafokewa, na hilo linatuhusu sisi mabosi kuliko yeye. Niliwaambia wenzangu wa paneli hivyo na mmoja hakupenda. Sawa tu.

Swali lililotugawa zaidi lilikuwa la dripu. Sista mmoja yupo usiku wodi nzima, kaitwa leba kusaidia, dripu ya mgonjwa imeisha, ndugu anakushika mkono anakwambia wewe si una yunifomu, badilisha. Kwa kitabu jibu ni jepesi, mhudumu hagusi dripu, sindano wala dozi, anakwenda kumwita muuguzi. Wenzangu wawili wakasema swali halina maana, jibu linajulikana. Mimi nikawaambia hebu tusidanganyane. Tunajua zahanati za ndani huko ambako mganga akienda semina na nesi akienda likizo ya uzazi anayebaki na funguo ni mhudumu, na watu wanakuja na watoto wana degedege, na yeye anafanya anachoweza, na kijiji kizima kinamwita dokta. Mtu kama huyo akija kwenye usaili wa hospitali kubwa akasema "nitabadilisha, nimeshabadilisha nyingi tu", utamfanyaje? Ukimkata kwa jibu hilo umemkata mtu mwenye uzoefu kuliko wote waliokuja siku hiyo. Ukimpitisha bila neno, umeingiza wodini mtu atakayekuja kumwekea mgonjwa dawa isiyo yake siku moja.

Nilichopendekeza ni swali la nyongeza: na kama hapa kwetu sista yupo jengo la jirani, bado utabadilisha? Anayefaa anashuka. Anasema hapana, kama yupo naenda kumwita, kule nilifanya kwa sababu hakukuwa na mtu. Huyo anajua mpaka wake uko wapi na unasogea kwa sababu gani. Yule anayeng'ang'ania kwamba yeye anajua, yeye ni kama daktari tu, huyo ndo wa kuogopa. Na aliyesema ntamwita sista, umuulize pia, na yule ndugu aliyekushika mkono unamwachaje? Maana kuna kukimbia kumwita sista na kuna kumwacha mtu gizani na hofu yake.

Hapa naomba niwapeleke Uingereza kidogo halafu tunarudi. Kule kulikuwa na kashfa kubwa ya hospitali ya Stafford, mambo ya kati ya 2005 na 2009, na uchunguzi wa wakili Robert Francis ulitoka 2013. Ukiusoma unashangaa, sio habari za mashine kuharibika au upasuaji wa ajabu. Ni wagonjwa kuachwa kwenye shuka chafu, wasiosaidiwa kula, maji kuwekwa wasipoyafikia. Kikombe cha uji kile kile! Nchi yenye pesa zote zile. Mwaka huohuo Camilla Cavendish akafanya mapitio kuhusu hawa wahudumu wasio wauguzi, na kuanzia Aprili 2015 wakaanzisha cheti cha mafunzo ya mwanzo, wakati huo kikiwa na viwango 15, ambacho mhudumu mpya anapitia. Na usaili wao siku hizi unauliza sana maadili, tena hauridhiki na "mimi ni mtu mwenye huruma", wanataka tukio: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini wewe mwenyewe, ikaishaje.

Hiyo mbinu ya tukio nimeichukua yote, maana haina gharama. Niambie siku uliyomhudumia mtu asiyejiweza, hata kama ni nyumbani. Na hapa ndo binti ambaye hajawahi kuajiriwa popote anaweza kumshinda mwenye vyeti vitano. Mmoja alitueleza alivyomuuguza bibi yake aliyevunjika nyonga, walivyokuwa wanamgeuza kila baada ya muda yeye na kaka yake kwa kutumia shuka chini ya mgongo, alivyokuwa anamkata kucha, siku bibi aliyomtupia bakuli la ugali kwa hasira. Tukamuuliza ukafanya nini? Akasema, "Niliokota bakuli, nikatoka nje nikalia kidogo, nikarudi nikamuuliza bibi unataka nini kingine." Mwenzetu mmoja aliacha kuandika. Huyo binti hakujua kwamba kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ndo tunavyofundisha kuzuia vidonda vya mgandamizo. Alikuwa anafanya tu.

Siri za mgonjwa. Zamani tulikuwa tunauliza "ni nini umuhimu wa kutunza siri", na watu wote duniani wanajua umuhimu wa kutunza siri. Uliza hivi: umepeleka faili CTC, kliniki ya wenye VVU, ukaona jina la mchumba wa dada yako. Tulia, usimsaidie, mwache ahangaike. Nimesikia majibu ya kila aina. "Nitamwambia dada kwa fumbo." "Nitamwambia apime tu." Wanadamu sisi, namwelewa kabisa, damu ni damu. Lakini Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 iko wazi kuhusu siri ya majibu, na hata bila sheria, siku watu wa mtaani wakijua kwamba faili la hospitali linasomwa na kwenda nyumbani, hakuna atakayekuja kupima. Anayefaa atasema ni ngumu, atasema itamuuma, na atasema hatasema. Ongezea na la simu: mwenzio kapiga picha majeruhi wa ajali ya bodaboda kaweka status, wewe ni rafiki yake, unafanyaje?

Na la soda. Ndugu wa mgonjwa anakuwekea elfu tano mfukoni, anasema ya soda, mwangalie mama yangu. Wote watasema nitakataa, nitapiga 113 TAKUKURU, unajua wamekariri. Kwa hiyo usiulize utakataa au utapokea, mwambie anikatalie mimi. Kaa kama ndugu, mwekee noti, msihi, mwambie unanidharau au? Sisi huku kukataa cha mtu ni kumvunjia heshima, hasa akiwa mkubwa kwako, na ndo maana kukataa ni ufundi. Kuna kijana aliirudisha noti kwa mikono miwili akasema "baba, pesa hii mnunulie mama sabuni na machungwa, mimi ntamwangalia kama kawaida, kitanda chake hakinipiti". Baba amebaki na heshima yake, pesa imerudi, mama ana machungwa. Nilitaka kumwajiri palepale.

Kuna maswali pia ya kuyafuta. Umeolewa? Una mtoto mdogo? Una mimba? Dini gani? Kabila gani? Nimeyasikia yote kwenye vyumba vya usaili, mengine yanaulizwa kwa kucheka kama utani wa Wanyamwezi na watani zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa mambo hayo, ndoa, mimba, majukumu ya familia, kabila, dini, yote yametajwa. Kama unachotaka kujua ni kama anaweza zamu za usiku, muulize zamu za usiku, na umuulize mwanaume pia. Kuhusu lugha ni tofauti kidogo, kuuliza anaweza kuongea na bibi wa Kinyamwezi au mfugaji wa Kisukuma asiyejua Kiswahili ni swali la kazi, lakini hata hapo mtu wa Kasulu anayejua Kiha na Kiswahili peke yake ana jibu zuri kama atasema ntatafuta wa kunitafsiria ila sio mtoto wa mgonjwa, kuna mambo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanae.

Kitu kingine, kila mtu aulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila mwanapaneli aandike maksi zake kabla hamjaanza kuongea. Bila hivyo anayeongea kwanza kwa sauti nzito ndo anaajiri, nyie wengine mnasindikiza. Na vitendo visikose. Mwambie aoshe mikono, sabuni na maji, sekunde 40 mpaka 60, uone kama vidole gumba na katikati ya vidole anavikumbuka, na uone bomba anafunga na nini. Mwambie atandike kitanda chenye mtu ndani. Dakika kumi za vitendo zinanipa habari kuliko nusu saa ya maneno, na wale wenye aibu ya kuongea mbele ya watu ndo wanang'aa hapo.

Kwa nyie mnaojiandaa, hasa mnaowinda nafasi za serikali za kupitia Ajira Portal, iwe Kitete hapa kwetu au Maweni kule Kigoma, mchakato unakuwa na mchujo, vitendo na mahojiano kulingana na tangazo, na watu wengi wanatolewa mlangoni kabla hawajaulizwa chochote. Vyeti halisi, sio matokeo ya muda. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha form four tengeneza hati ya kisheria ya majina kabla, sio asubuhi ya usaili unakimbizana na wakili. Nauli, kula na kulala ni juu yako, na wale mnaopanda treni kutoka Kigoma au Mpanda jamani fikeni siku moja kabla, reli ya kati ina mambo yake. Ukiingia, mtu mkubwa msalimie kwa shikamoo, kaa vizuri, na ukiulizwa kitu usichokijua sema sijui ila ningemuuliza fulani. Hamna jibu ninaloliamini kama hilo.

Mwishoni paneli huwa inauliza una swali? Watu wanasema sina, asanteni. Usiseme sina. Uliza glavu zinapatikana muda wote au zinaisha katikati ya mwezi. Uliza zamu ya usiku mhudumu anabaki na wagonjwa wangapi. Na uliza chanjo ya homa ya ini B mnatoa kwa wahudumu? Ile ni dozi tatu, ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu ukifikisha miezi sita, na anayebeba ndoo za damu anaihitaji sawasawa na anayechoma sindano. Mwaka huu aliuliza mmoja tu, kijana wa Sikonge, mpole hivi, na sisi wanapaneli tukaanza kutazamana nani ajibu. Nikamwambia ntafuatilia nikupigie. Nimefuatilia, orodha ya chanjo ilikuwa na madaktari na manesi peke yake, nimeandika barua kwa metroni, mkuu wa manesi, majina ya wahudumu yaongezwe na jibu bado nalisubiri, na swali la chanjo nimeliweka kwenye karatasi mpya, upande wa maswali ambayo sisi ndo tunatakiwa kuyajibu.